Barua kwa mwalimu mwenzangu: vyeti vya tabia njema

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako niliipata, nikaisoma haraka haraka, kisha nikairudia usiku watoto walipolala, maana hilo ulilouliza si la kujibiwa juu juu.

Umesema mwalimu mkuu wenu ameamua kwamba mwisho wa muhula vitolewe vyeti vya tabia njema pamoja na vile vya masomo, na kazi ya kupanga imeangukia kwako. Umesema pia kwamba kikaoni mwalimu mmoja wa siku nyingi alisimama akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wengi wakamuunga mkono. Sasa uko njia panda.

Mimi niko upande wa vyeti. Nakwambia mapema ili tahadhari zangu huko mbele zisikufanye udhani napinga. Kuna watoto wanaomaliza shule bila kuitwa mbele ya wenzao kwa jambo jema hata siku moja, kwa sababu alama zao ni za katikati na hawana makosa ya kumfanya mtu awatazame. Mtoto huyo huyo ndiye anayemweleza jirani yake hesabu ile ile kwa mara ya tatu bila kumdharau. Ndiye anayemsubiri mgeni wa darasa asiyejua maktaba iko wapi. Tunasema chema chajiuza, lakini darasani hakijiuzi. Wema wa mtoto mkimya unabaki umejificha mpaka mtu mzima aamue kuutafuta, na mpango wa vyeti ukiendeshwa vizuri unamlazimisha mwalimu autafute. Kwangu mimi faida kubwa iko hapo, kabla hata karatasi haijaandikwa.

Huyo mwalimu wa mgema, hata hivyo, msimpuuze. Ana hoja. Mwaka 1973 watafiti watatu huko Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichagua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili walichora tu, kisha wakashtukizwa kwa cheti kile kile. La tatu hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zikarudishwa mezani, safari hii bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo tembo lilitiwa maji na ahadi. Cheti chenyewe hakikuwa na kosa.

Na hilo halihusu kuchora peke yake. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello waliwapima watoto wa miezi 20, ambao kwa umri huo humwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka asipoweza kukifikia. Waliopewa zawadi kila waliposaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wenzao. Waliosifiwa kwa maneno, na wale ambao hawakuambiwa lolote, waliendelea kama kawaida. Miezi 20, dada! Mtoto hajamudu hata kutamka shukrani, na tayari zawadi inaweza kumfundisha kwamba kusaidia kuna malipo.

Ndiyo maana nakuomba msibandike tangazo ukutani mwanzoni mwa muhula kwamba atakayeonyesha huruma atapata cheti. Mkifanya hivyo mtaona huruma nyingi mbele ya meza ya mwalimu, na haitafika nyuma ya madarasa.

Lakini usidhani kushtukiza kunatosha. Kuna utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021, wa Carly Robinson na wenzake, uliohusu wanafunzi zaidi ya 15,000 nchini Marekani na tuzo za mahudhurio. Walioahidiwa tuzo kabla hawakubadilika kwa lolote. Walioletewa tuzo bila kutarajia, kwa mahudhurio mazuri waliyokwisha kuyaonyesha, mwezi uliofuata walihudhuria pungufu kuliko wenzao wasiopewa tuzo! Ilionekana kwamba tuzo iliwapa habari ambayo watoaji hawakuikusudia: kwamba wao wanahudhuria kuliko wenzao, na kuliko shule ilivyotarajia. Mtu akishaambiwa amezidisha, kwa nini asipumzike? Hapa nilikaa nikafikiri sana. Cheti huzungumza. Swali ni kinamwambia nini mtoto.

Sasa tazama ile rasimu uliyonitumia: "Mwanafunzi mwaminifu kuliko wote," "Mwanafunzi mwenye huruma kuliko wote." Hilo "kuliko wote" liondoeni. Mbio za mita 100 zina mshindi, huruma haina. Na uaminifu nani ataupima? Hugh Hartshorne na Mark May walijaribu katika miaka ya 1920, kwa maelfu ya wanafunzi, na matokeo ya kwanza yakatoka mwaka 1928. Walikuta kwamba mtoto anayekataa kuiba majibu katika mtihani huenda akadanganya kwenye mchezo, na asiyedanganya darasani huenda akadanganya nyumbani. Kumvika mtoto wa miaka kumi taji la uaminifu ni kumtwika sifa ambayo hata sisi watu wazima tunaibeba kwa kuyumba.

Tena taji lina hatari yake. Claudia Mueller na Carol Dweck, mwaka 1998, waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo, wakawasifu baadhi kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Mafumbo yalipokuwa magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema. Kisha wakaambiwa wawaandikie watoto wa shule nyingine alama walizopata. Karibu 4 kati ya 10 ya wale waliosifiwa akili waliongeza alama zao. Mtoto aliyepewa jina kubwa alidanganya ili jina lisimtoke. Ninaogopa sana kuona jambo hilo likitokea kwa vyeti vya uaminifu.

Kwa hiyo pongezeni tendo. Kwenye cheti iandikwe sentensi moja ya kweli, yenye jambo lililoonekana kwa macho. Usiandike "kwa uaminifu wake wa hali ya juu." Andika: "Ulipogundua nimekujumlishia alama zaidi ya ulizostahili, uliniletea karatasi mwenyewe, ukijua alama zitapungua." Mtoto akisoma hivyo anajua alifanya nini, anajua kilimgharimu nini, na anajua kwamba kesho anaweza kukifanya tena. Wenzake wakisikia nao wanajua, kwa sababu tendo linaweza kuigwa na mtoto yeyote.

Sentensi ya namna hiyo huwezi kuitunga siku ya mwisho ya muhula ukiwa na rundo la vyeti mbele yako. Tafuta daftari dogo, kila mwanafunzi na ukurasa wake, uandike papo hapo: tarehe, tendo, nani aliona. Baada ya wiki chache fungua utazame kurasa zilizobaki nyeupe. Ukurasa mweupe haimaanishi mtoto hana wema. Mara nyingi unaonyesha mwalimu macho yake yanaelekea wapi. Kesho yake mtazame huyo kwanza.

Waulize na wanafunzi wenyewe. Kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jambo jema alilotendewa na mwenzake, bila kumpigia mtu kura. Ukiwaambia wapige kura utapata orodha ya marafiki na mashuhuri. Ukiwauliza walichotendewa, utapata yale yanayotokea wakati mwalimu hayupo, na hayo ndiyo yenye uzito.

Kuna upendeleo ambao unatuingia bila kubisha hodi. Wasichana tunawapa utulivu na usafi, wavulana tunawapa ujasiri na uongozi. Ukimaliza orodha yako ipitie kwa jicho hilo tu. Ukarimu nao tunaupima kwa vitu, kwa hiyo mtoto asiye na cha kugawa hatajwi kamwe, hata kama muda wake wote wa mapumziko humpa mwenzake anayelia. Na adabu! Hapa nina neno. Shule nyingi zikisema adabu zinamaanisha kunyamaza. Mtoto aliyesimama akasema kwa upole, "Mwalimu, nadhani huyu ameonewa," ana adabu na ujasiri pia, naye atapitwa na anayekaa kimya akichora pembeni mwa daftari. Christopher Peterson na Martin Seligman mwaka 2004 waliorodhesha sifa 24 za tabia chini ya fadhila 6. Miongoni mwa sifa hizo ni udadisi, uvumilivu, haki, kusamehe, unyenyekevu, kujizuia, shukrani na nyinginezo. Huhitaji zote, lakini orodha hiyo itawatoa kwenye zile sifa chache mlizozoea.

Umeuliza kama kila mtoto apate. Nadhani kila mtoto anastahili sentensi yake ndani ya mwaka, lakini si wote siku moja kwa mpigo, na kamwe isiwe ya uongo. Watoto wanaijua huruma ya bandia kuliko tunavyodhani. Yule mgomvi wa darasa lako, usimpe cheti cha upendo ili kumtuliza. Subiri. Siku atakayokunja ngumi kisha akaikunjua akaondoka, andika hilo, na tarehe yake. Hicho ni cheti cha kujizuia, na amekitolea jasho kuliko yeyote.

Na wale wenye aibu, usiwapandishe jukwaani bila kuwauliza. Wengine sifa za hadharani zinawaumiza. Mwite pembeni, msomee, mpe karatasi yake aende nayo.

Kwa wazazi, waandikieni sentensi ile ile ya kwenye cheti. Wengi wamezoea kwamba barua ya shule ni ya mashtaka au ya madeni.

Mwambie mwalimu mkuu akupe angalau muhula mzima kabla ya sherehe ya kwanza. Akikataa, anza na darasa lako peke yake. Mwombe na yule mwalimu wa mgema akae kwenye kamati. Jicho lake kali litawasaidia kuchuja sentensi tupu. Ukishaandika zako za kwanza nitumie, hata kama ni chache, nizisome.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto wa darasani kwako.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzio