Kwa nini hatumpigii rubani simu ili aharakishe

Masika yaliyopita mzee mmoja wa Chumbageni alikuja kwenye ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Ngamiani, Tanga, tangu saa kumi na mbili asubuhi, kanzu imelowa mabegani. Mdogo wake alifariki Pemba usiku, na maziko yalikuwa baada ya adhuhuri. Ndege ipo uwanjani, imeshatiwa mafuta, haiondoki kwa ajili ya mawingu. "Mwanangu, mpigie huyo rubani, mwambie ni nusu saa tu." Ni kweli, hata nusu saa haifiki. Sikupiga.

Rubani wa ndege ndogo mara nyingi huruka kwa macho: anaiona pwani, anauona mstari bahari inapokutana na mbingu. Kanuni za kuruka hivyo kwa kawaida humtaka aone mbele si chini ya kilomita 5 na akae mbali na mawingu. Akishaingia winguni ule mstari unapotea, na mwili wake mwenyewe unaanza kumdanganya.

Jaribu nyumbani. Kaa kwenye kiti cha kuzunguka, fumba macho, mtu akuzungushe polepole kwa muda kisha akizuie ghafla. Utaapa kwamba sasa unazunguka upande wa pili. Maji yaliyo ndani ya sikio bado yanakwenda, kiti kimeshasimama. Rubani akiyaamini masikio hayo "hunyoosha" ndege ambayo tayari imenyooka, kumbe anailaza ubavu, nayo inashuka ikizunguka.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwapima watu 20 wasiojua kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege, wakiwa wamezibwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika 3 hazikutimia! Na tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, aliruka usiku juu ya bahari kwenye utusitusi, akapotewa na mwelekeo. Alikufa na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi hawakuona ubovu wowote kwenye mashine.

Kinachomtia rubani winguni mara nyingi ni haraka ya watu: harusi, kikao, msiba. Ndiyo sababu ofisi hii haipeleki kwake maombi ya abiria, hata ya anayelia. Safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa tunakubadilishia siku bila kukata hata shilingi, au tunakurudishia nauli yote. Mwezi Aprili na Mei, ukiwa na jambo lisilongoja, safiri siku moja kabla.

Mzee aliondoka saa nane mchana, mbingu imefunguka. Jioni alinipigia kutoka Chake Chake. Maziko hakuyawahi. Alikuwa amekaa kaburini na wana wa marehemu, ameshasoma Fatiha, akaniuliza nauli ya kurudi Ijumaa ni kiasi gani.