Pokémon si ya Nintendo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja. Makala yenu ya juzijuzi kuhusu watoto na gemu ilisema Pokémon, ile gemu ya kukamata na kukusanya viumbe wa kubuni, ni mchezo uliotengenezwa na Nintendo, kampuni kubwa ya gemu ya Japani, basi, ikaishia hapo. Nintendo ndiyo iliyouchapisha, yaani kuuingiza sokoni, na ina sehemu yake katika umiliki, sibishi. Lakini walioumiza vichwa kuutengeneza ni watu wa kampuni ndogo ya Tokyo iitwayo Game Freak. Mimi si mchezaji wa gemu. Nina steshenari hapa Mtwara, maeneo ya Chikongola, na habari za jamaa hao zilinikamata mwanangu aliponiambia kwamba walianza na karatasi na stepla.

Mwaka 1983 Game Freak ilikuwa jarida, tena la kuandikwa kwa mkono. Kijana mmoja, Satoshi Tajiri, hajafikisha hata miaka 20, alikuwa anashinda kwenye kumbi za mashine za gemu. Akaanza kuandika mbinu za kushinda, anatoa kopi, anabana pini, anauza. Ken Sugimori, fundi wa kuchora, alilikuta jarida dukani, likamvutia, akamtafuta mwenye nalo mpaka akawa mchoraji wake. Sisi wenye mashine za kopi tunawajua vijana wa namna hiyo. Wanakuja na hela ya kurasa chache, wanasimama juu ya mashine kama wanalinda mgonjwa, na ukipinda ukurasa mmoja tu wanakufokea.

Walipochoka kukosoa gemu za wenzao wakaamua kutengeneza ya kwao. Ikatoka Quinty mwaka 1989, ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya kuchezea nyumbani: unapindua vigae vya sakafu kuwasukuma maadui. Kampuni ya gemu ya Namco ikakubali kuichapisha, na mwaka huohuo jarida likawa kampuni.

Pokémon walianza kuishughulikia mwaka 1990. Tajiri aliona waya unaounganisha Game Boy mbili, zile mashine ndogo za gemu za Nintendo za kushika mkononi, na wakati wengine waliuona kama njia ya kushindana, yeye akawaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Utotoni, huko Machida, alikuwa mkusanyaji wa wadudu, kabla mashamba na madimbwi hayajamezwa na majengo. Wazo lilikuja upesi. Kazi yenyewe ikala miaka sita. Katikati ilibidi washike vibarua vingine ili jiko liwake: gemu ya Yoshi mwaka 1991 kwa ajili ya Nintendo, na ya Pulseman mwaka 1994 kwa mashine ya Sega. Wafanyakazi kadhaa waliondoka. Tajiri mwenyewe alikaa bila mshahara, akilishwa na baba yake, jambo ambalo wazazi wa hapa wangelitolea maneno. Mchezo ulipotoka, tarehe 27 Februari 1996, Game Boy ilikuwa na miaka karibu saba sokoni na wengi walishaizika.

Kuna kisa kimoja katika habari hii nisichochoka kukisimulia. Karibu na mwisho, vifaa vya kutafutia makosa vilipoondolewa kwenye programu, ilibaki nafasi ndogo sana, baiti kama 300. Hiyo ni nafasi ya sentensi tatu nne za barua hii. Mtaalamu wao wa programu, Shigeki Morimoto, akampenyeza humo kiumbe wa 151, Mew, ambaye hakuwa kwenye mpango wa kuonwa na wachezaji. Kazi ya kukagua makosa ilishakwisha na haikutakiwa kuguswa tena kitu. Baadaye watoto wakaanza kunong'onezana kwamba kuna kiumbe wa siri, minong'ono ikaongeza mauzo. Kampuni kubwa yenye idara tatu za kuidhinisha, sidhani kama Mew angepita.

Sasa, Mhariri, watu wa Newala na Tandahimba wataelewa haraka kwa nini nimeshika kalamu. Korosho ghafi inapakiwa melini bandarini kwetu, inabanguliwa India au Vietnam, na pakiti ikifika dukani inasoma jina la aliyepakia. Mkulima aliyepulizia dawa mikorosho hata kijiji chake hakitajwi. Gazeti likiandika "Nintendo" na kunyamaza, limesoma pakiti.

Na halihusu Wajapani tu. Dukani kwangu anakuja kijana wa sekondari, nyumbani kwao Magomeni, mwenye kaunta buku lililojaa viumbe alivyobuni mwenyewe, kila kimoja na nguvu zake na udhaifu wake. Yupo popo anayekaa kwenye mabibo, yupo kaa mwenye gamba la bati anayeogopa maji baridi. Tulipoanza kumtolea kopi, kalamu yake ya bluu mpauko ilikuwa haitoki, mashine inaona karatasi tupu. Nikapandisha wino mpaka mwisho, ukurasa wote ukawa kijivu. Ikabidi akae kwenye benchi langu alasiri nzima akipitishia kalamu nyeusi mstari kwa mstari, na aliponyanyuka vidole vilikuwa vimechafuka mpaka kwenye kiganja. Mwalimu wake mmoja alishamnyang'anya daftari hilo akisema ni upuuzi. Akisoma makala kama ile yenu, atajifunza kwamba gemu zinazaliwa na makampuni makubwa ya mbali, na daftari lake halihusiani na lolote.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mkiandika tena kuhusu gemu, tajeni na waliotengeneza, kama mnavyotaja mtunzi wa wimbo na si studio iliyourekodi peke yake. La pili, mna ukurasa wa vijana kila wiki. Kijana huyu yuko tayari kuwatumia michoro yake, sasa ya wino mweusi, na nauli ya bahasha nitalipa mimi.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari, Chikongola, Mtwara