Kabureta moja kwa silinda mbili: kazi iko kwenye manifodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyewashauri wenye pikipiki za magurudumu manne zenye injini ya silinda mbili kwamba waondoe kabureta zao mbili (vifaa vinavyochanganya hewa na petroli) na kufunga moja, kwa maelezo kuwa kazi hiyo ni nyepesi na inamalizika kwa siku moja. Kuhusu kabureta moja sina ugomvi naye, kwa kuwa mimi mwenyewe natumia moja shambani hadi leo. Ninachokipinga ni hilo neno "nyepesi", ambalo mwaka juzi lilinigharimu pistoni.

Mashine yangu ina injini ya mipigo minne ya cc 700 na ushee, silinda zake zimekaa kwa umbo la V la nyuzi 90, na ilitoka kiwandani ikiwa na kabureta mbili. Kwa kubeba pampu ya dawa ya viazi na kuvuta tela la mbolea huku Uyole sijaona cha kuishinda. Shida ni kwamba kabureta mbili lazima zifunguke pamoja na zivute kwa nguvu moja, na kuzisawazisha kunahitaji geji za kupima mvuto wa hewa ambazo karakana nyingi za mitaani hazina. Mipira inayoinua slaidi ndani ya kabureta ilipochanika, fundi mmoja akaniambia nisihangaike kutafuta spea. Alikata bomba la chuma, akalipinda kwa kukadiria na macho, akachomelea mguu mmoja kwa kila silinda, akafunga kabureta moja juu yake. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza kabisa, tukapeana mikono, nikalipa.

Wiki ya pili, nikiwa napandisha kutoka Igawilo na pampu iliyojaa, silinda ya mbele ikanoki. Tulipofungua plagi, ya nyuma ilikuwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea majani, na ya mbele ilikuwa nyeupe kama chaki. Plagi nyeupe namna hiyo maana yake ni kwamba silinda ile ilikuwa inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na moto wake ulikuwa mkali kupita kiasi huku mwenzake akiendelea salama. Mashine iliyokuwa na kabureta mbili ingeweza kutibiwa kwa kubadilisha jeti, yaani kile kitundu kinachopima petroli, ya upande mmoja tu, lakini kwa kabureta moja huna upande wa kubadilisha. Ukiongeza jeti ili kuinusuru ya mbele, ya nyuma inaanza kutoa moshi mweusi.

Chanzo kilikuwa kwenye manifodi, yaani lile bomba la miguu miwili linalogawa hewa na petroli kwa silinda. Mguu wa mbele ulikuwa mrefu kuliko wa nyuma, na ndani ya kona yake kulikuwa na matone ya kuchomelea ambayo hayakusagwa. Lililo baya zaidi ni kwamba uso wa flanji, yaani bapa linalofungwa kwenye silinda, ulikuwa umepinda kwa moto wa kuchomelea, na gasketi haikuweza kuziba pengo, hivyo injini ilikuwa inanyonya hewa pembeni. Tuliuona uvujaji kwa kupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma taratibu: ilipofika flanji ya mbele, mlio ukabadilika papo hapo. (Asitumie mtu petroli kwa kipimo hicho. Namfahamu aliyepoteza nyusi.) Manifodi ya pili niliitengeneza kwa kupima miguu yote miwili kwa rula, na baada ya kuchomelea nikalaza karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikapaka uso wa flanji wino wa makapeni, nikausugua hadi wino wote ulipotoka sawasawa. Kazi hiyo ya kusugua peke yake ilinichukua mchana mzima.

Hata manifodi ikinyooka, mpangilio wa injini nao una la kusema. Katika V ya nyuzi 90, silinda moja hufuata nyingine baada ya nyuzi 270 za mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kisha zinapita nyuzi 450 kabla ya ile ya kwanza kupata zamu tena. Kila silinda ikiwa na kabureta yake hilo halina madhara, lakini zikichangia moja, inayokuja baada ya kungoja kifupi hukuta hewa ingali inatembea, na inayokuja baada ya kungoja kirefu hukuta imetulia, hivyo mgao haufanani. Si kwamba haiwezekani, kwani Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki wa Marekani, walijenga V zenye kabureta moja kwa miaka mingi. Ila aliyezoea injini ambayo zamu zake ni sawa asidhani kwamba ujuzi wake unahamia huku bila kupima.

Mfano wa zamu zilizo sawa ni pikipiki ya magurudumu manne Yamaha Banshee, ya mipigo miwili na cc 347, ambayo wengi huko Marekani huibadilisha kwenda kabureta moja. Ya kiwandani ina kabureta mbili za milimita 26, ambazo matundu yake kwa pamoja yana eneo la milimita za mraba 1,062, na moja ya milimita 34 inayofungwa badala yake ina 908. Pungufu hilo linavumilika kwa sababu silinda hazinyonyi kwa wakati mmoja. Kabureta ya bodaboda ya cc 150, ambayo ndiyo niliyofungiwa mimi mara ya kwanza, haivumiliki kwa injini ya cc 700.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa, nalo ni mwinuko. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Uwanda wa juu wa Kitulo unapita mita 2,600, na Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni kama mita 500. Jeti iliyochaguliwa Uyole itatoa petroli nyingi kupita kiasi ukipanda Kitulo, na mashine itakohoa tu. Ukiteremka nayo Kyela itatoa kidogo, na hapo ndipo pistoni huungua. Asubuhi za Juni na Julai nazo zina kero yake, kwa kuwa kabureta moja hukaa mbali na silinda na petroli hutua kama umande kwenye kuta baridi za manifodi, hivyo choki huachwa imevutwa muda mrefu kuliko zamani.

Kwa hiyo namwomba fundi atakayeifanya kazi hii amwambie mteja mapema kwamba siku ya kufunga siyo siku ya kukabidhi: mashine ipande mlima ikiwa na mzigo, izimwe palepale juu bila kuachwa iungurume, na plagi zote mbili zifunguliwe na kulinganishwa mbele ya mwenye mali. Mimi jeti yangu kubwa naiweka kwenye kibati cha kiwi chini ya kiti, nami huifunga nikifika Tukuyu, njiani kwenda Kyela, kabla ya kuendelea kuteremka.

Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya