Safari ya Jura

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na wote hapo Tanga. Sisi huku Glasgow ni wazima, baridi nayo imeanza kutuachia.

Nimefurahi kusikia viza imetoka. Ukifika nataka twende kisiwa cha Jura, hukuhuku Uskochi. Najua utauliza kuna nini huko. Kuna kulungu! Watu ni kama 200 tu, kulungu ni maelfu. Lakini kaskazini kabisa ipo nyumba iitwayo Barnhill, na ndiko George Orwell, yule wa *Shamba la Wanyama*, alikoandikia riwaya yake *1984*.

Mwenyewe alipaita mahali *un-get-at-able*, neno la kizamani la Kiingereza, yaani pasipofikika kirahisi, na hakutia chumvi. Tutapanda basi hadi Kennacraig, kisha feri ya saa mbili hivi mpaka Port Askaig, kisiwa jirani cha Islay, kisha kivuko cha dakika tano hadi Jura. Jura kuna barabara moja, nyembamba, mkikutana na gari lazima mmoja ajibanze pembeni. Nayo inaishia njiani. Kama kilomita sita zilizobaki ni za miguu. Nyumba ni ya watu, kwa hiyo tutaitazama kwa nje.

Alihamia 1946, mkewe amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na mtoto mdogo wa kulea na dada yake. Umeme hakuna, simu hakuna. Alipapenda kwa sababu hiyohiyo: London magazeti yalikuwa hayamwachi, kila siku makala. Mwaka 1947 nusura azame na mtoto karibu na Corryvreckan, mkondo wa bahari unaozunguka kama pia. Injini ya mashua iling'oka, wakajiokoa kwenye mwamba, wavuvi wa kamba wakawakuta.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya taipu. Mwishoni mwa 1948 kitabu kilikuwa tayari, lakini kurasa zilijaa mikato na masahihisho hata mtu asingeweza kuzichapa bila yeye kukaa karibu. Akatafutiwa mpiga taipu wa kuja kisiwani. Hakupatikana. Basi mgonjwa wa kifua kikuu akachapa kitabu kizima mwenyewe, muda mwingine kitandani. Januari 1949 akapelekwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na Januari 1950 akafariki, miaka 46. Watu husifu upweke ule eti ndio uliompa kitabu. Sawa, ila ndio uliomnyima mpiga taipu, na hilo halisemwi sana.

Mambo ya safari sasa. Niambie mapema tarehe utakayofika, maana vyumba vya kulala Craighouse, kijiji pekee, ni vichache na Julai hujaa. Lete koti la mvua. Dawa ya usubi nitanunua mimi, wa huku wanauma usiombe. Viatu vya mchuchumio uviache Tanga, na mwambie mama asinifungashie muhogo. Mizigo tutaibeba wenyewe.

Wako,
Zuhura