Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: tufundisheni kwanza, barua za kujieleza mtatupa baadaye

Mheshimiwa Daktari, Mganga Mfawidhi,

Salaam. Natumaini wewe na familia mko salama. Sisi huku jikoni tupo, ila usingizi umekuwa wa shida toka Jumatatu, maana kila aliyekuwa zamu Jumapili amepewa barua ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua. Yangu ninayo hapa, imeandikwa "uzembe uliokithiri". Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu karatasi zote ninazompa msimamizi zinaishia kwenye droo yake, na wewe mwenyewe mlangoni kwako kuna katibu muhtasi ambaye akiona aproni anasema daktari yuko kwenye kikao.

Kilichotokea unakijua, ila wanaosoma hawajui ngoja niseme. Jumapili gesi ilikuwa inaelekea kuisha tukaambiwa tupike yote kwa mkupuo mmoja asubuhi, pilau ya mchana na ya usiku, sufuria moja lile kubwa. Mchana ikagawiwa, iliyobaki ikafunikwa hapohapo jikoni na joto lote la jiko, umeme nao umekatika toka saa tano kwa hiyo hata lile friji moja likawa kabati tu. Usiku ikapashwa ikagawiwa. Kufika saa saba usiku wodi ya wazazi wanagombania choo, mama kajifungua kwa upasuaji juzi hata kuinama hawezi anashikiliwa na ndugu aende chooni, wengine wakatundikiwa dripu. Mungu mkubwa hakufa mtu.

Asubuhi bwana afya akaja akauliza, sampuli ya chakula cha jana iko wapi? Tukatazamana. Kumbe kila mlo unatakiwa utolewe kidogo, uandikwe tarehe, ukae kwenye friji siku kadhaa ili watu wakiugua kipimwe. Hilo tumelisikia siku hiyohiyo tukiwa tumepangwa mstari kama wezi wa kuku. Kwa hiyo mpaka naandika hapa hakuna anayejua kwa uhakika ilikuwa pilau au kachumbari au maji ya tenki ambalo halijaoshwa sijui toka lini. Hakuna anayejua, lakini barua za uzembe zilikuwa zimeshachapwa na kugongwa muhuri kabla ya saa sita mchana. Kwa kasi hiyo Daktari tukuombe basi na mishahara iwe inachapwa hivyo.

Mimi kwa akili yangu naona ni wali. Mpwa wangu anasoma uuguzi akanieleza kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinakuwemo kwenye mchele wenyewe na zinavumilia kuchemka, sasa wali ukikaa vuguvugu masaa mengi zinaamka, zinazaana, na sumu nyingine wanayoitoa hata ukipasha mpaka moshi ufuke haifi. Daktari, nimepika toka sijaolewa na kila mpishi ninayemjua anaamini ukipasha chakula kikachemka basi kiko salama. Na siyo wali peke yake, akaniambia na nyama au maharage ya sufuria kubwa yakipoa taratibu yana mdudu wake mwingine, na mkono wenye kidonda nao una wake. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au cha baridi chini ya nyuzi 5, hapo katikati ndipo wanapozaana. Yaani suluhisho lenyewe ni trei pana za bei rahisi, unagawanya chakula kipoe haraka. Halafu mtu anaandika uzembe uliokithiri.

Najua utasema lakini bango lipo. Ndiyo lipo, lile la mambo matano: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika kiive, joto sahihi, maji na malighafi salama. Limeandikwa Kiingereza na limebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya msimamizi, mlango ukiwa wazi halionekani na ukifungwa wewe uko nje. Na kipimajoto cha chakula kipo pia, kilinunuliwa, kipo stoo kwenye boksi lake kwa sababu mtunza stoo anasema kikipotea atakatwa yeye.

Sasa tuje kwenye ahadi. Kwenye kikao cha wafanyakazi ulisimama mwenyewe ukasema kabla mwaka wa fedha haujaisha wapishi wote na wagawa chakula watapewa mafunzo ya usalama wa chakula. Tulipiga makofi, mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Juni 30 ikapita, tukaambiwa bajeti haikutoka, sawa. Ila Juni 7 hiyohiyo, Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, fulana zilitoka. Tukavalishwa, ukaja ukashika mwiko ukapigwa picha unakoroga maharage ambayo yalikuwa yameshaiva, na ulipoondoka tukarudisha fulana. Na semina yenyewe ilikuwepo jamani, tena ya siku tatu mkoa mwingine, walioenda ni mtu wa manunuzi, mhasibu, na dada mmoja wa masijala. Sina ugomvi nao, posho ni posho, lakini nauliza tu masijala wanapika nini.

Nadhani tatizo limeanzia pale ambapo hatujulikani ni wa nani. Jiko lipo chini ya mzabuni, hospitali inasema mafunzo ni juu ya mzabuni, mzabuni anasema kwenye mkataba hakuna kipengele hicho. Zamani tulikuwa tukisikia TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, 2019 mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango, pengine hapo katikati jiko la hospitali lilidondoka njiani, sijui, nabahatisha. Ninachojua mama lishe wa pale getini anakaguliwa na bwana afya kuliko sisi. Asipokuwa na aproni na cheti cha vipimo anafungiwa. Sisi tunapikia mtoto njiti, mtu wa kisukari, mtu wa kusafishwa figo, na mgonjwa anayelishwa uji kwa mpira wa puani, watu ambao mwili hauna nguvu ya kupigana, na tunakaguliwa wakati kuna ugeni.

Vipimo vya afya tunapima, hela inakatwa kwetu. Lakini kupima choo si kufundishwa. Kile cheti kinasema siku ile nilikuwa mzima. Na nikiumwa? Mimi ni wa kulipwa kwa siku Daktari, nikisema leo ninaharisha naambiwa nenda nyumbani na siku inakatwa, na nina wajukuu wawili ninaowalea na kodi haijui kuharisha. Kuna mwenzetu alikuja na kidole kimetunga usaha akavaa glavu moja asubuhi mpaka jioni, anakata mkate nayo, anapokea hela ya chenji nayo, anashika mlango nayo, na kila mtu anaona yuko msafi sana kwa sababu ana glavu. Nani alimwambia glavu inabadilishwa? Nani?

Usidhani haya ni mambo madogo ya jikoni. Mwaka 1984 kule Uingereza, hospitali ya Stanley Royd, mji wa Wakefield, wagonjwa 19 walikufa kwa Salmonella iliyotoka kwenye chakula cha jiko la hospitali, nyama ilikaa nje ya friji masaa mengi. Wenzetu hawakuishia kuwaandikia wapishi barua, waliunda tume, na ile kinga ya hospitali za serikali kutoshtakiwa kwa sheria za chakula ikaondolewa. Yaani wakubwa nao wakawa wanaweza kuitwa wajieleze. Sikutishi Daktari, nakumbusha tu.

Kwa hiyo naomba mafunzo. Ningeweza kuomba friji la pili, jenereta, tenki lioshwe, siku ya kuumwa tulipwe, na vyote tunavihitaji, ila najua nikiomba vitano sitapata hata kimoja. Naomba kimoja, mafunzo, kwa Kiswahili, jikoni kwetu, kwa wanaopika na wanaosukuma toroli, siyo kwa masijala. Mkitufundisha kisha nikakosea nifukuzeni, nitaondoka bila kusema neno. Kama fedha kweli hakuna, mwombe yule bwana afya wa Jumatatu atupe mchana wa siku mbili tu, tutakaa hapo nje chini ya mwembe, chai tutapika wenyewe. Na posho hatutaki.

Wako katika kazi,
Mpishi, jiko la wagonjwa

Nakala: Afisa Afya wa Mkoa, mzabuni wa chakula, mtunza stoo (kuhusu kipimajoto)