Mafundi wa pikipiki, tafuteni kosa kabla ya kubadilisha vipuri

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa pikipiki wa hapa Goma, hasa wale wenye vijana wanaojifunza kazi.

Mimi ni motari, nabeba abiria kati ya Ndosho na Birere kwa Yamaha DT 125 niliyoachiwa na baba mdogo. Ni ya zamani, ila injini ni nzima. Mwezi uliopita fyuzi ilianza kuungua. Naweka mpya, inakaa nusu siku, inaungua tena. Taa ya breki, honi na indiketa vinakufa pamoja, lakini pikipiki inaendelea kutembea, kwa kuwa CDI yake, kile kifaa kinachotoa cheche ya plagi, inapata umeme kwenye magneto inayozungushwa na injini, haingoji betri. Ndiyo sababu wengi wetu tunapuuza. Tunapita usiku bila taa ya breki, na nyuma amekaa mama mwenye mtoto mgongoni.

Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, nikanunua betri. Wa pili akabadilisha regileta, kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye betri. Wa tatu alichukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akaniambia niende kazini. Sijafika Katindo nikasikia harufu ya plastiki. Waya ulikuwa unatoa moshi chini ya tangi lenye petroli! Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya upone. Ukiiziba hivyo, kinachoungua ni waya.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Majengo. Alitoa fyuzi, mahali pake akaunganisha balbu ya indiketa, volti 12, wati 21. Akafungua swichi, balbu haikuwaka. "Geuza usukani, mwanangu." Kulia, kimya. Kushoto, balbu ikawaka kwa nguvu zake zote: umeme ulikuwa unapita moja kwa moja kwenye fremu. Akachana utepe uliofunga nyaya pale shingoni mwa usukani, na hapo tukauona waya wa kahawia, ule unaotoa umeme kwenye swichi, umechubuka kama upana wa ukucha, shaba iko wazi. Kila nilipokata kona ulikuwa unasuguana na chuma. Na kwa mawe haya ya lava tunayopita kila siku, pikipiki ya miaka mingi haikosi mchubuko wa namna hiyo.

Aliuunga, akaufunika, akaulegeza kidogo usivutike. Kisha akakwangua kutu pale waya mweusi wa masi, ule wa kurudisha umeme, unapofungwa kwenye fremu. Taa nyingi hafifu anazoletewa, alisema, ugonjwa wake uko hapo. Alinitoza faranga 5,000. Betri na regileta nilizonunua bure zilikula kazi yangu ya wiki nzima.

Wenye garaji, nawaomba: mwonyesheni kijana kazi ya balbu hiyo kabla hamjampa koleo. Na motari mwenzangu, fyuzi ikiungua mara mbili, usiweke ya tatu. Mwambie fundi aanzie shingoni mwa usukani.

Motari wa Ndosho,
Goma