Unayemfokea kazini leo ndiye atakayeulizwa habari zako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili linaniuma sana. Watu wanahangaika na vyeti na CV halafu ofisini wanawafokea wenzao mbele ya wateja, wanachukua ripoti ya mtu wanaweka jina lao, salamu ya mfagizi hata hawaitikii. Wanasahau kwamba bosi mpya anaweza asiishie kwa wadhamini ulioandika tu, akamuuliza na yeyote aliyewahi kufanya kazi na wewe. Mimi nimeshakaa kwenye paneli ya usaili, jina likatajwa, mwenzetu mmoja akasema tu "huyo namjua, hapana", faili likawekwa pembeni na vyeti vyake vilikuwa vizuri kweli. Kama ulimkosea mtu, mfuate umwombe radhi, tena mbele ya walewale waliokusikia ukimfokea.

Msomaji wenu